Farasi Wangu Alishinda Mbio Zilizofutwa

Kila Aprili inapokaribia na magazeti ya Uingereza yanapoanza kuchapisha majina ya farasi watakaoshiriki Grand National, mbio maarufu za farasi za kuruka viunzi, hakosi kutokea mtu wa kuniuliza kama nimewahi kushinda. Jibu langu huwa refu kuliko swali lenyewe, kwa sababu farasi niliyemwekea dau amefika wa kwanza mara moja tu, tarehe 3 Aprili 1993, na mbio za siku hiyo ndizo pekee katika historia yote ya Grand National ambazo matokeo yake yalifutwa.

Nilianza kubeti mwaka 1991, nikiwa mpangaji wa chumba cha juu katika nyumba ya mama mmoja mjane, kaskazini mwa Uingereza, safari fupi ya treni kutoka Liverpool. Nilimwita Mama tangu wiki ya kwanza, maana ulimi wangu ulikataa katakata kumwita mtu wa umri wake kwa jina tupu, naye baada ya siku chache akachoka kunisahihisha. Hakuwa mcheza kamari. Mwaka mzima hakugusa hata karata, lakini ikifika Jumamosi ya Grand National alilitandaza gazeti juu ya meza ya jikoni, kwenye ukurasa uliochorwa fulana za rangi za wapanda farasi wote, akavaa miwani, akashika penseli, na nyumba nzima ikawa chini ya utawala wake mpaka jioni.

Mimi nililelewa na wazee waliotufundisha kwamba pesa ya kamari haina baraka, na sitajifanya kwamba nilikuwa na hoja nzito ya kujitetea. Nilipomweleza Mama jambo hilo hakubishana nami, bali alinisimulia habari za baba yake. Kabla ya tarehe 1 Mei 1961 maduka ya kubeti hayakuruhusiwa na sheria ya Uingereza, kwa hiyo mtu wa kawaida aliyetaka kuweka dau la pesa taslimu bila kwenda uwanjani alilazimika kumtafuta mkusanyaji wa madau aliyepita vichochoroni huku akikwepa polisi. Baba yake, ambaye hakutaka kuonekana, alimtuma yeye, msichana mdogo, akiwa na sarafu na kikaratasi vilivyofumbatwa kiganjani. Kwa hiyo Mama alipoingia katika duka la kubeti kwa mlango wa mbele, mkoba mkononi na kofia kichwani, alijiona kama raia anayetumia haki yake, na nadhani ndiyo sababu alivaa vizuri kuliko mtu mwingine yeyote mle ndani.

Duka lenyewe halikuvutia. Vioo vya mbele vilizibwa, moshi wa sigara ulining'inia usawa wa macho, na kaunta ilijaa kalamu fupi zenye urefu wa kidole. Mama alinifundisha kuligawa dau mara mbili: pauni 1 kwa farasi kushinda, na pauni 1 kwa farasi kuingia katika nne bora, ambapo hulipwa robo tu ya uwiano uliotangazwa, yaani faida inayoahidiwa kwa kila pauni 1, juu ya dau lenyewe. Alinifundisha pia kuilipa kodi mapema. Siku zile mwenye duka alikata peni 10 kwa kila pauni, na mteja aliweza kuzilipa pamoja na dau au kusubiri zikatwe kwenye ushindi. Mama aliona ni ufidhuli kuweka dau bila kulipa kodi papo hapo, kana kwamba mtu amekwisha kukubali kushindwa. Basi pauni zetu 2 zikawa pauni 2 na peni 20, na kiasi hicho hakikuwahi kubadilika muda wote nilioishi pale.

Kwa asiyezijua mbio hizi, kuna jambo moja la kueleza, nalo ndilo linaloifanya nchi nzima, pamoja na watu wasioweza kumtofautisha farasi na nyumbu, iweke dau siku hiyo moja. Katika uwanja wa Aintree, ambako mshindi wa mwaka 1839 aliitwa Lottery, yaani bahati nasibu, farasi huzunguka mara mbili na kuruka viunzi 30, na enzi nilizoanza mimi walikimbia zaidi ya kilomita 7 wakiwa hadi 40 kwa pamoja. Farasi aliye bora hubebeshwa uzito mkubwa zaidi ili wengine wapate nafasi, na hata hivyo uzito si tatizo kubwa kuliko mengine: anaweza kuwa mzima, mwenye nguvu na aliyepangiwa vema, kisha akaangushwa na mwenzake aliyeanguka mbele yake. Mwaka 1967 karibu kundi zima lilikwama na kuparamiana kwenye kiunzi cha 23, na Foinavon, aliyekuwa nyuma sana kiasi cha kupata muda wa kuona njia, akapenya na kushinda kwa uwiano wa 100 kwa 1. Marehemu mume wa Mama alikuwa amemwekea dau Honey End, farasi aliyetazamiwa na wengi kushinda, ambaye aligeuzwa, akarukishwa upya na kumaliza wa pili. Nilisimuliwa kisa hicho kila mwaka, na kila mwaka Honey End alizidi kudhulumiwa.

Mwaka 1991 Mama alimchagua Garrison Savannah, aliyekuwa ametoka kushinda Gold Cup, mbio nyingine kubwa za kuruka viunzi, kule Cheltenham majuma machache kabla. Sababu yake halisi haikuwa farasi bali mkufunzi, Jenny Pitman, ambaye mwaka 1983 alikuwa mwanamke wa kwanza kutoa mshindi wa Grand National, Corbiere. Garrison Savannah aliruka kiunzi cha mwisho akiwa mbele kwa mbali, Mama akasimama, mimi nikasimama kwa heshima yake, halafu ikaja ile sehemu ndefu isiyo na viunzi, karibu nusu kilomita, na pale Seagram akamfikia na kumpita. Mama aliketi polepole, akauliza nani anataka chai. Farasi wangu nilimchagua kwa jina, akaanguka mapema, na jina lenyewe nimelisahau.

Mwaka uliofuata nilikuwa nimejifunza kidogo, na elimu kidogo ilinigharimu. Uchaguzi mkuu ulikuwa siku tano tu baada ya mbio, na katika orodha kulikuwa na farasi aitwaye Party Politics. Kila mtu kazini alicheka na kumwekea dau. Mimi, nikiwa sasa najiona mjuzi, nilieleza kwa kirefu kwamba huo ulikuwa ushamba, kwamba farasi hajui jina lake lina maana gani. Alishinda kwa 14 kwa 1. Nilinyamaza kwa wiki nzima wakati wa chakula cha mchana.

Ndipo nikafika 1993, bila nadharia yoyote, nikaamua tu kumfurahisha Mama kwa kuchagua mmoja wa farasi wa Jenny Pitman. Mama mwenyewe mwaka huo, kwa ukaidi ambao sikuuelewa, alikwenda kwa mkufunzi mwingine. Nilimpata Esha Ness, akiwa 50 kwa 1. Nilipiga hesabu nyuma ya bahasha kabla hata farasi hawajatoka zizini: akishinda, pauni 51 upande mmoja na pauni 13 na nusu upande wa pili, jumla pauni 64 na peni 50, bila kukatwa kodi, kwa kuwa tulikwisha kuilipa.

Farasi 39 walijipanga wakiwa wamechelewa kwa sababu ya waandamanaji walioingia uwanjani. Mara ya kwanza utepe wa kuanzia uliwanasa baadhi yao, wakarudishwa. Mara ya pili ukamzunguka mpanda farasi mmoja shingoni. Mwanzishaji aliinua bendera yake ya kuwaita warudi, lakini bendera haikukunjuka, na msaidizi wake aliyesimama mbele kwenye njia hakuwasimamisha. Tisa wakabaki mstarini. 30 wakaondoka kwa kasi kuelekea kiunzi cha kwanza. Mtangazaji wa televisheni alikuwa anasema kwamba ule haukuwa mwanzo halali, nasi tulimsikia vizuri, sebule ikiwa kimya.

Walipomaliza mzunguko wa kwanza maofisa walisimama njiani wakipunga mikono. Baadhi ya wapanda farasi walielewa na kuwavuta farasi wao. Wengine walidhani ni waandamanaji wamerudi, wakaendelea. Mmoja wa walioendelea alikuwa John White, juu ya Esha Ness.

Sasa nikiri jambo ambalo sijawahi kulieleza vizuri kwa yeyote. Nilijua. Nilikuwa nimeambiwa na televisheni, nikaambiwa na Mama, na akili yangu yote ilikubali kwamba kinachoendelea ni matembezi ya farasi wachache wasio na habari. Hata hivyo, walipokifikia Becher's Brook, kiunzi maarufu cha Aintree, kwa mara ya pili, nilikuwa nimepiga magoti mbele ya skrini, nikimwita yule farasi kwa jina kama ndugu anayevuka mto uliofurika. Mama aliniambia nitaumia koo bure. Nilimwomba anyamaze, nami sikuwahi kumwambia hivyo kabla wala baadaye. Saba tu ndio waliomaliza, na Esha Ness aliongoza, kwa muda ambao ni wachache mno waliowahi kuufikia. Kisha kamera ikaukamata uso wa John White pale alipoambiwa. Nimeona nyuso nyingi za watu walioshindwa, ila ule ulikuwa wa namna nyingine, uso wa mtu anayetafuta kwa macho mahali alipodondosha kitu.

Madau yote yaliamriwa yarudishwe, nchi nzima, jumla iliyokadiriwa kuwa pauni milioni 75. Jumatatu nilipanga foleni. Mbele yangu alikuwapo mzee ambaye farasi wake hakuondoka hata hatua moja kutoka mstarini, akalipwa zaidi yangu, kwa kuwa dau lake lilikuwa kubwa zaidi. Nilipokea pauni 2 na peni 20. Nikamwambia karani kwamba wangu ndiye aliyefika wa kwanza. Akanitazama kwa huruma ya mtu aliyelisikia hilo mara kadhaa asubuhi ile, akamwita aliyefuata. Mama hakwenda kuchukua pesa zake. Alikiweka kikaratasi chake nyuma ya saa ya ukutani, akasema siku ile imempa thamani ya peni 220 bila shaka yoyote.

Nilihama mwaka 1994, ila tuliendelea kupigiana simu kila Jumamosi ile. Mwaka 1995, nikiwa nimerudi kwenye ujuzi wangu, nilimchagua Master Oats, mshindi wa Gold Cup wa mwaka huo, na mbio zikachukuliwa na Royal Athlete kwa 40 kwa 1, farasi wa Jenny Pitman. Simu ililia kabla farasi hajavuliwa tandiko. Mama alikuwa amemwekea dau huyo, na hakuficha furaha yake hata kidogo.

Mwaka 1997 Aintree ilihamishwa watu Jumamosi kwa sababu ya tishio la bomu, mbio zikafanywa Jumatatu, na tiketi yangu ya Suny Bay ikalala mfukoni siku mbili kabla hajamaliza wa pili nyuma ya Lord Gyllene. Mwaka 1998 nilimrudia Suny Bay, naye akawa wa pili tena. Kwa haki yake niseme kwamba ndiye farasi aliyenilipa mara nyingi kuliko wote, kidogo kidogo, kama mdeni mwaminifu.

Kodi ile iliondolewa Oktoba 2001, na sasa dau huwekwa kwa simu bila kumwona mtu. Mbio nazo zimebadilika, na nyingi ya sababu ni za haki: farasi wamekufa pale, wawili katika mbio za mwaka 2012 pekee, na mwaka ule sikuzitazama tena baada ya kusikia. Mbao ndani ya viunzi zimeondolewa, na tangu 2024 hawaruhusiwi kuzidi farasi 34. Ninaendelea kuweka pauni zangu 2, ingawa kila mwaka huchukua muda mrefu zaidi kujishawishi.

Asubuhi ya Grand National ya mwaka 2022 nilitandaza gazeti mezani kama alivyofanya Mama, penseli mkononi. Nilipofika kwenye jina la Noble Yeats, aliyepewa 50 kwa 1, uwiano uleule wa Esha Ness, nililizungushia duara. Kisha nikasoma maelezo yake, nikaona ana miaka 7 tu, nikakumbuka kwamba farasi wa umri huo hawajashinda kwa miongo mingi, nikatafuta kifutio. Alishinda, na safari hii hapakuwa na bendera yoyote.