Shingo ya gitaa iliyonitoa jasho

Mimi ni seremala wa Keko, Dar es Salaam. Vitanda, makabati, milango ya mninga, hayo natengeneza huku nasinzia. Kwa hiyo jamaa mmoja mpiga solo aliponiletea picha ya gitaa la umeme lenye tumbo tupu, mtindo wa Gibson ES-175 iliyotoka mwaka 1949, akaniuliza kama naliweza, nilimjibu, "Kaka, hilo ni kabati lenye nyuzi." Kauli hiyo nimerudishiwa mara nyingi tangu siku ile.

Tumbo halikunisumbua. Mbavu nilizipinda kwa bomba la moto. Kifua, yaani uso wa mbele, nikakigandisha kwa plaiwudi nyembamba tatu juu ya kalibu mpaka kikabinuka, pale pa daraja (kipande kinachobeba nyuzi juu ya kifua) milimita 14 juu ya ukingo. Mpingo wa ubao wa freti (vile vyuma vya kukata noti shingoni) niliupata kwa wachongaji wa Mwenge, kipande kilichobaki, kwa bei ya kuelewana. Gharama yake halisi ni misumeno iliyoisha makali. Pikapu (vinasa sauti vya nyuzi, si gari), daraja na vikazio vya nyuzi viliagizwa, laki mbili na kitu, na hicho kitu sitaki kukikumbuka.

Shingo sasa. Mpiga solo alinielekeza kwa uhakika wa mtu asiyeshika patasi: "Chimba tundu, laza shingo flati, piga bolti nne, kazi imeisha. Magitaa yote si yako hivyo?" Aliyoyazoea yeye ni yale ya ubao mzima ya mtindo wa Fender, kifua bapa kama meza na daraja limelala chini. Kule shingo flati inakubali. Hili langu lina kitambi.

Nikailaza flati. Nilipofunga nyuzi, kwenye freti ya 12 zilikaa milimita 12 juu. Kidole changu cha mwisho kilipita chini yake kikatokea upande wa pili. Ukitaka kubonyeza noti ni kama unavuta upinde wa kuwindia. Mke wangu akachungulia karakana akauliza kama nimeanza kutengeneza vinubi.

Ushauri wa pili ukatoka kwa yule yule, na mimi bado nasikiliza! "Fundi, tia kabari chini ya shingo, upande wa ndani." Nikatia ya milimita 3. Nyuzi zikashuka. "Ongeza." Milimita 5. "Ongeza tena, inakuja." Ilipofika 7 nyuzi zililala juu ya freti na kuanza kukoroma. Tukapandisha daraja mpaka mwisho wa skrubu zake. Likasimama kama bibi harusi asiyezoea viatu virefu, limeegemea mbele, na nyuzi zikawa zinavunja kona kali mno juu yake. Kona ikiwa kali, daraja linakandamizwa zaidi. Asubuhi nikakuta kifua kimebonyea pale pale lilipokaa. Shingo yenyewe ilikuwa imeegemea kabari kwa ncha tu, huku chini pakiwa wazi, kama meza ya mgahawa iliyowekewa karatasi chini ya mguu mmoja. Ukipiga noti, inakufa kabla hujaisikia vizuri.

Nikamwambia, kaka, nenda nyumbani, nitakuita.

Jumapili nikakaa na penseli. Kutoka nati mpaka daraja (nati ya gitaa, ile ya mfupa zinapopita nyuzi kule kichwani, msinichanganye na ya bolti) ni milimita 628. Shingo inaingia mwilini kwenye freti ya 14, na kutoka hapo mpaka daraja zinabaki 280. Daraja likiwa katikati ya skrubu zake lina kimo cha 18. Jumlisha 14 za kitambi, nyuzi zinapita 32 juu ya ukingo. Nataka uzi ukae milimita 2 juu ya freti ya 12, na kwa kuwa freti hiyo ni nusu ya safari, pale darajani mstari wa freti, ukiurefusha mpaka huko, lazima uwe chini ya uzi kwa karibu mara mbili yake, nikaweka 3.5. Basi mstari wa freti ufike kimo cha 28.5. Ubao na freti zake tayari vimesimama 7 juu ya ukingo. Inabidi kupanda 21.5 ndani ya 280, yaani nyuzi 4 na nukta nne. Nyuzi za pembe hizo. Ukikosea moja tu, darajani unapotea karibu milimita 5. Ndiyo maana kabari zetu za kukisia zilikuwa zinaruka kutoka kinubi mpaka mkoromo.

Sasa hapa nijisifu kidogo. Kwa jirani anayetengeneza madirisha ya aluminiamu niliomba kipande kilichonyooka, bure. Nikakata kibanzi cha milimita 14.5, nikakisimamisha kifuani mahali pa daraja. Ule mkono wa aluminiamu ukilala juu ya freti zote, ncha yake lazima iguse kichwa cha kibanzi. Ikielea juu yake, umezidisha. Ikigonga ubavuni, bado. Huhitaji kufunga nyuzi hata moja.

Tundu la zamani nikaliziba kwa mninga na gundi, nikasubiri siku mbili. Kisha nikatengeneza reli mbili za mbao za milimita 400, upande wa daraja ukiwa juu kwa 31, nikapitisha ruta (mashine ya kuchimba mbao) juu yake, chini ya tundu pakatoka pamelala mshazari wenyewe. Mara ya kwanza aluminiamu ilipungukiwa milimita moja darajani. Niliiacha. Kwenye freti ya 12 hiyo ni nusu milimita, na zile skrubu za daraja ziliwekwa za nini?

Kabla ya bolti nilivuta mishipi miwili ya kuvulia, kutoka pembe za nati mpaka daraja. Umbali wa kila mshipi na ukingo wa ubao ukiwa sawa pande zote, shingo haijaenda kombo. Msiruke hili, mimi niliwahi kuliruka kwenye droo na mteja akarudi.

Daraja halikugundishwa, linashikwa na nyuzi tu. Freti ya 12 ukiibonyeza ikalia juu kuliko sauti ya kuugusa uzi juu juu hapo hapo bila kubonyeza, lisogeze nyuma. Langu lilitulia milimita 2 nyuma ya 628, upande wa nyuzi nene zaidi kidogo.

Nikamwita. Akapiga kama nusu saa, macho kayafumba, hata soda niliyomnunulia ikaisha baridi. Akafumbua, akapapasa kiungo cha shingo, akasema, "Unaona sasa, fundi? Si nilikwambia utie kabari?"