Nilivyoikata Warhammer hadi wanangu wakaielewa

Mdogo wangu aliniletea boksi la mtumba kutoka Uingereza la Warhammer 40,000, gemu ya vita inayochezwa mezani kwa wanasesere na dadu, wanajeshi wa plastiki kama ishirini hivi, wengine mikono imeng'oka, pamoja na kitabu cha sheria kinene balaa. Nina wawili, wa kike miaka 9 na wa kiume 6, nikasema hapa nimepata cha kuwatoa kwenye simu. Mechi ya kwanza haikumaliza robo saa. Ile gemu risasi moja tu dadu zinarushwa mara tatu, kwanza uone kama umempata, halafu kama umemjeruhi, halafu mwenzio nae arushe kuona kama deraya, ile nguo ya chuma ya vita, imemuokoa, sasa mtoto wa miaka 6 kapata sita anashangilia we unamwambia subiri bado, akaondoka zake.

Nikafyeka. Dadu moja, 4 kwenda juu adui kaanguka, akijificha nyuma ya kikombe unatafuta 5. Vipimo vya kule ni inchi, askari wa kawaida anatembea inchi 6, ambayo ni kama sentimita 15, yaani nusu ya rula ya shule. Basi kila mtu na rula yake, mahesabu hamna.

Kilichonishinda ni ludo. Hawa wamekulia kwenye ludo, sita ni kurusha tena, na mdogo kila akipata sita anarusha tena wala haombi ruhusa. Siku mbili nabishana nae, ya tatu nikaipitisha. Ndo sheria inayopendwa kuliko zangu zote, maana hata aliyebakiwa na askari mmoja hakati tamaa.

Rangi ndo niliharibu. Nilichukua rangi ya kucha ya mama yao nikampaka mmoja, jioni namwangalia uso umelainika, macho hayapo, kumbe ile kitu inakula plastiki. Na mwenye rangi nae akanijia juu. Siku hizi tunatumia rangi za maji za watoto, zinabanduka kweli ila tunapaka tena. Askari waliopoteza vile vibao vya chini vya kusimamia nimewagundisha kwenye vizibo vya soda.

Kuna askari mmoja mkono uko juu, mdogo akasema huyu anaita abiria, Mbagala Mbagala, akaitwa Konda. Konda alipigwa raundi ya pili tu, mtoto alilia mpaka jirani akauliza kuna nini. Ndo tukafungua hospitali, kisosi pembeni ya meza, ukianguka unalazwa raundi mbili unarudi. Ila kulazwa ni mara moja tu, la sivyo tungecheza mpaka alfajiri.

Jumamosi nimerudi nakuta wameshapanga, mto wa sofa ndo mlima, nikavuta kiti nicheze. Mkubwa hata hakuinua kichwa, "Baba umechelewa, kaa hapo kwenye kisosi uwe daktari."