Homa ya ini B: seli za kinga hukitambuaje kirusi?

Wengi wanaokutwa na HBsAg (protini ya ganda la kirusi cha homa ya ini B, dalili ya maambukizi) hapa Dodoma, mara nyingi wakati wa kuchangia damu au kliniki ya wajawazito, hujisikia wazima kabisa. Kirusi chenyewe hakiui seli za ini moja kwa moja. Uharibifu mwingi hutokana na kinga inapokishambulia.

Seli T aina ya CD8, yaani seli ya kinga inayoua seli zilizoambukizwa, haioni kirusi kizima. Seli ya ini iliyoambukizwa hukatakata protini za kirusi, kisha huweka kipande cha asidi amino 8 hadi 10 juu ya molekuli ya HLA (protini ya nje ya seli inayotofautiana kati ya mtu na mtu), kama mtu anayeonyesha kitambulisho getini. Kipande kilichochunguzwa sana ni cha protini ya kiini cha kirusi (core), asidi amino ya 18 hadi 27, kinachobebwa na HLA-A2. Asiye na HLA hiyo huonyesha vipande vingine.

Maambukizi yakidumu, seli T huchoka: hujaa PD-1, protini inayofanya kazi kama breki, juu yake na kupunguza mashambulizi. Kwa hiyo ALT (kimeng'enya kinachopanda kwenye damu seli za ini zikiharibiwa) ikiwa ya kawaida, usitulie mapema. Omba kipimo cha wingi wa DNA ya kirusi, na HBsAg irudiwe baada ya miezi 6.