Stika ya bendera kwenye helmeti

Mwezi wa Aprili mwanangu, mwenye umri wa miaka 11, alibandika stika ya bendera ya Tanzania kwenye helmeti yake ya besiboli, na jioni ileile kocha akamwambia aibandue. Nilinuna, hadi kocha aliponieleza kwamba kanuni za Little League, shirika la besiboli ya watoto, haziruhusu helmeti kupakwa rangi upya wala kubandikwa vitu bila idhini ya maandishi ya kiwanda kilichoitengeneza, kwa kuwa rangi na gundi vinaweza kuidhoofisha plastiki, na stika inaweza kuuficha ufa.

Mpira wa besiboli una uzito wa takriban gramu 145 na ni mgumu kweli. Katika ligi kuu ya Marekani mrushaji husimama mita 18.44 kutoka kituo cha mpigaji, na mpira unaotoka mkononi mwake kwa kasi ya kilomita 150 kwa saa hufika baada ya sekunde 0.4 hivi, muda ambao mpigaji anatakiwa kuuona, kuamua na kuzungusha gongo, au kuinama. Asipowahi, gamba la nje la helmeti hulitawanya pigo juu ya eneo pana, lisitue lote kwenye sehemu moja ndogo ya fuvu, na sponji ya ndani hubonyea, hivyo mpira ukachukua muda mrefu kidogo kusimama na nguvu yake ikapungua. Helmeti huzuia vizuri zaidi kuvunjika kwa fuvu kuliko inavyozuia mtikisiko wa ubongo, kwa sababu kichwa kikisukumwa au kuzungushwa ghafla, ubongo nao husogea ndani yake, hata kama fuvu ni zima.

Hapa Cleveland tunakoishi, katika makaburi ya Lake View, amezikwa Ray Chapman, mchezaji wa timu ya Cleveland, ambaye tarehe 16 Agosti 1920, uwanjani Polo Grounds jijini New York, alipigwa kichwani na mpira uliorushwa na Carl Mays, mrushaji wa timu ya Yankees. Wakati huo wapigaji walivaa kofia za kitambaa. Inasimuliwa kwamba mlio ulikuwa mkubwa kiasi kwamba Mays alidhani mpira umegonga gongo, akauokota na kuurusha kwenye kituo cha kwanza, kama inavyofanywa ili kumtoa mpigaji aliyeugonga. Chapman alifariki alfajiri iliyofuata.

Ungetarajia helmeti ziwe lazima mwaka uliofuata. Ligi kuu ilikuja kuwalazimisha wachezaji wote wapya mwaka 1971, na hata hapo wakongwe waliruhusiwa kuendelea bila helmeti, kana kwamba fuvu hukomaa kwa kucheza misimu mingi. Bob Montgomery wa Boston aliutumia msamaha huo hadi mwaka 1979. Kipande cha kufunika sikio kilichelewa zaidi. Mwaka 1967 mpigaji Tony Conigliaro alikuwa amevaa helmeti isiyo na kipande hicho mpira ulipomvunja mfupa wa shavu na kuliumiza jicho lake la kushoto, akakosa msimu mzima wa 1968, lakini wachezaji wapya hawakulazimishwa kukivaa hadi mwaka 1983.

Anayebaki wazi ni mrushaji, ambaye akishaachia mpira huwa karibu kuliko wenzake wengi na gongo litakaloweza kuurudisha kwa kasi kubwa zaidi. Mwezi Septemba 2012 Brandon McCarthy, mrushaji wa Oakland, alipigwa hivyo kichwani, fuvu likapasuka, akafanyiwa upasuaji. Mwaka 2014 ligi iliidhinisha kofia zenye kinga ndani kwa warushaji, na Alex Torres akaivaa mechini, ila ilikuwa nene na ya kuchekesha kuitazama, na wengi hawakuitaka.

Wiki iliyopita kocha aliniambia kwamba mkono wa mwanangu ni mzuri na angependa kumjaribu kama mrushaji. Nimeanza kuulizia bei za kofia hizo, naye ameshaniambia hataivaa, kwa sababu hakuna mwenzake hata mmoja anayeivaa.