Dhumna, dadu na machungwa ya Muheza: uwezekano kwa njia ya kuhesabu

Mwaga dhumna mezani, laza vipande vyote kifudifudi, changanya, chomoa kimoja. Uwezekano wa kutoka na 3-4 ni 1/28. Uwezekano wa kutoka na 3-3 nao ni 1/28. Sasa weka dhumna pembeni, rusha dadu mbili. Hapa 3-4 ina uwezekano wa 2/36, na 3-3 ina 1/36 tu. Jozi ni zile zile na namba ni zile zile, ila moja imekuwa na nafasi maradufu ya mwenzake. Tofauti hiyo ndiyo inayowaangusha wanafunzi wa Kidato cha Nne, na hata wa Kidato cha Sita wenye fomula zote kichwani, kwa hiyo makala hii itaizunguka hiyo hiyo.

Kanuni yenyewe ni fupi: hesabu matokeo yanayotimiza tukio unalolitaka, gawanya kwa idadi ya matokeo yote. Sharti lake ni moja, kwamba kila tokeo ulilolihesabu liwe na nafasi sawa na mengine. Watu hukariri sehemu ya kugawanya, sharti wakaliacha darasani. Muulize mtu uwezekano wa mvua kunyesha kesho hapa Tanga, atakwambia 1/2, kwa sababu ama itanyesha ama haitanyesha. Matokeo ni mawili, kweli, lakini nani kasema yana nafasi sawa? Mei, masika yakiwa yamepamba moto, na Februari jua likiwaka, jibu haliwezi kuwa lile lile.

Vifaa vya kuhesabia ni vitatu na havichukui muda. Kwanza kuzidisha: kama hatua ya kwanza ina njia 3, na hatua ya pili ina njia 4 vyovyote ulivyoamua kwenye ile ya kwanza, jumla ni njia 12. Pili mpangilio: ukichukua vitu 3 kati ya 20, kimoja baada ya kingine, na ukajali nani katangulia, una 20 × 19 × 18 = 6,840. Tatu mchaguo: ukichukua hivyo hivyo vitu 3 bila kujali nani katangulia, kila kundi la watatu limehesabiwa mara 3 × 2 × 1 = 6, basi unagawanya, 6,840 ÷ 6 = 1,140. Huu wa tatu nitauandika C(20, 3). Kwenye kikokotoo ni kitufe cha nCr, lakini kwa mkono ni haraka tu ukikata namba kabla ya kuzidisha: 18 kwa 6 ni 3, halafu 20 × 19 × 3.

Tuutie kazini. Kapu lina machungwa 20 ya Muheza, na 4 kati yake yameoza kwa ndani ingawa ganda ni zima. Mteja anachukua 3 bila kubagua. Kuna uwezekano gani yote 3 yakawa mazima?

Mazima ni 16. Njia za kupata 3 kati ya hayo ni C(16, 3) = 16 × 15 × 14 ÷ 6 = 560. Njia zote ni 1,140. Jibu ni 560/1,140, yaani 28/57, kama 0.491. Anayependa kujali mpangilio naye afanye hivyo: 16 × 15 × 14 = 3,360 juu, 6,840 chini, na jibu ni lile lile. Balaa huja ukichanganya. Ukiweka 3,360 juu ya 1,140 unapata 2.9, na hapo angalau jibu lenyewe linakupigia kelele, kwa kuwa uwezekano hauzidi 1. Ukiweka 560 juu ya 6,840 unapata 0.08, na hiyo ndiyo hatari zaidi maana inaonekana kama jibu la kawaida. Kama juu umejali mpangilio, na chini ujali. Kama juu hukujali, na chini usijali.

Swali linalofuata karibu kila mtihani: uwezekano wa kupata angalau moja bovu. Njia inayovutia ni hii: chagua bovu moja kati ya 4, kisha malizia na mawili yoyote kati ya 19 yaliyobaki. Hiyo ni 4 × C(19, 2) = 4 × 171 = 684, na 684/1,140 ni 0.6 kamili. Jibu limenyooka, linapendeza, na si sahihi.

Tazama kwa karibu. Yaite mabovu K, L, M na N. Mteja kaondoka na K, L na zima moja. Katika hesabu ile, kundi hilo limeingia mara mbili: mara moja K akiwa ndiye bovu uliyemchagua kwanza na L akiwa kwenye yale mawili yoyote, mara nyingine L akiwa wa kwanza na K wa nyongeza. Kundi la K, L na M limeingia mara tatu. Hesabu halisi ni hizi: bovu 1 na mazima 2 ni 4 × C(16, 2) = 4 × 120 = 480; mabovu 2 na zima 1 ni 6 × 16 = 96; mabovu 3 ni 4. Jumla 580. Na ile 684 inatoka wapi? 480 × 1 + 96 × 2 + 4 × 3 = 684. Kosa limeonekana hadi mizizi yake.

Kwa hiyo ukiona “angalau moja” kwenye swali, geuza swali: tafuta uwezekano wa kukosa kabisa, kisha toa kwenye 1. Hapa ni 1 − 560/1,140 = 580/1,140, kama 0.509. Muda ukikuruhusu, jumlisha mafungu yote: 560 + 480 + 96 + 4 = 1,140. Yakigoma kufika jumla, kuna fungu umelisahau au umelirudia.

Sasa turudi kwenye dadu. Kwa nini kwenye machungwa tuliruhusiwa kuacha mpangilio na kwenye dadu hatukuruhusiwa? Kwa sababu kila kundi la machungwa 3 linatokana na mipangilio 6, hakuna linalotokana na 5 wala 3. Ulipofuta mpangilio, ulipunguza kila upande kwa kiwango kile kile, na uwiano haukuguswa. Kwenye dadu, “3 na 4” inatokana na mipangilio miwili: dadu hii 3 na ile 4, au hii 4 na ile 3. Lakini “3 na 3” inatokana na mmoja tu. Ukifuta mpangilio unabaki na jozi 21, zenye uzito usiolingana: 15 zina uzito wa 2, na 6 zina uzito wa 1. 15 × 2 + 6 = 36. Kugawanya kwa 21 ni kosa. Kugawanya kwa 36 ndiko sahihi, hata kama dadu zote mbili ni nyeupe na macho yako hayazitofautishi. Ukitaka kuamini, paka moja rangi nyekundu. Rangi haibadilishi jinsi dadu inavyoanguka.

Aliyeteleza hapa asijione mjinga. Leibniz, mmoja wa watu wawili walioibua kalkulasi, aliandika kwamba kwa dadu mbili kupata jumla ya 12 ni rahisi sawa na kupata 11, kwa kuwa kila moja ina njia moja tu: 6 na 6, 5 na 6. Kumbe 11 ina 2/36 na 12 ina 1/36. Galileo, mwanasayansi wa Italia, yeye aliulizwa kuhusu dadu tatu: mbona wacheza kamari wanaona 10 inakuja mara nyingi kidogo kuliko 9, ilhali kila moja ina aina 6 za kuipata? Akahesabu kwa mpangilio. Jumla ya 9 ina njia 25 kati ya 216, jumla ya 10 ina 27. Kinachoipunguza 9 ni ile 3-3-3, aina nzima yenye mpangilio mmoja tu.

Dhumna je? Kipande cha 3-4 ni kimoja, cha 3-3 ni kimoja, na mkono unachomoa kipande, hauchomoi namba. Vipande 28 ndivyo matokeo yenye nafasi sawa, basi. Jiulize kila mara: bahati nasibu hapa inagusa kitu gani hasa?

Herufi zinaonyesha jambo hili vizuri kuliko chochote. Andika T, A, N, G, A kwenye vikaratasi vitano, vichanganye, vipange mstarini. Maneno tofauti yanayowezekana ni 5! ÷ 2! = 120 ÷ 2 = 60 (5! ni 5 × 4 × 3 × 2 × 1, na 2! ni 2 × 1). Uwezekano wa A mbili kukaa bega kwa bega? Zifunge pamoja ziwe kitu kimoja, una vitu 4 vya kupanga, yaani 24. Jibu 24/60 = 2/5. Tumezihesabu A kama hazitofautiani, na hakuna dhambi, kwa sababu kila neno kati ya yale 60 linatokana na mipangilio 2 ya vikaratasi, bila ubaguzi.

Kuna mkato ambao sijui kwa nini haufundishwi zaidi: achana na maneno, hesabu nafasi. A mbili zinakalia nafasi 2 kati ya 5, njia 10. Nafasi zinazopakana ni jozi 4. 4/10, umemaliza. Kwa herufi n, jibu daima ni 2/n. O mbili za BAGAMOYO zina uwezekano wa 2/8 kukaa pamoja, A mbili za PANGANI zina 2/7.

Lakini kwa vikaratasi vile vile vitano, badili swali: chomoa viwili. Aina za jozi ni 7: TA, NA, GA, TN, TG, NG na AA. Anayejibu kwamba AA ina 1/7 amekosea. Njia ni C(5, 2) = 10; TA, NA na GA kila moja ina njia 2, nyingine zote zina moja moja. AA ni 1/10. Dakika moja iliyopita kuzisahau tofauti za A kuliruhusiwa, sasa hakuruhusiwi, na herufi hazijabadilika. Ndiyo maana ukiwa na shaka ni salama kuviwekea vitu namba vyote, A1 na A2, na kuhesabu hivyo hivyo.

Tumalizie na mkono wa dhumna, maana hapo kuna utamu. Wachezaji 4, kila mmoja vipande 7, hakuna kinachobaki. Dabo, yaani vipande vyenye namba ile ile pande zote mbili, ni 7, kuanzia tupu-tupu hadi 6-6. Visivyo dabo ni C(7, 2) = 21. Mikono inayowezekana ni C(28, 7) = 1,184,040. Kwa kila idadi ya dabo, zidisha njia za kuzipata dabo kwa njia za kujaza zilizobaki:

dabo 0: C(21, 7) = 116,280
dabo 1: 7 × 54,264 = 379,848
dabo 2: 21 × 20,349 = 427,329
dabo 3: 35 × 5,985 = 209,475
dabo 4: 35 × 1,330 = 46,550
dabo 5: 21 × 210 = 4,410
dabo 6: 7 × 21 = 147
dabo 7: 1

Jumlisha: 1,184,040 bila upungufu. Mkono usio na dabo hata moja ni kama 0.098, karibu mara 1 katika 10. Wenye dabo 2 ndio unaoongoza, 0.361. Na kama meza yenu ina sheria kwamba mwenye dabo 5 au zaidi anaomba zichanganywe upya, kwa mchezaji mmoja hiyo ni 4,558/1,184,040, kama mara 1 katika 260. Anayeiomba kila jioni, mkague mikono.

Onyo moja kuhusu namba za siri za simu, kwa kuwa mfano huo hutolewa sana. Tarakimu 4 zina njia 10,000, zisizojirudia ni 10 × 9 × 8 × 7 = 5,040. Hesabu ni sahihi. Lakini mwizi mwenye nafasi 3 za kubahatisha ana 3/10,000 pale tu namba ilipochaguliwa kwa bahati nasibu. Ukiweka mwaka wa kuzaliwa, na yeye akajaribu kuanzia 1960 hadi 2009, namba ni 50, naye ana 3/50.

Na kwa wakaao barazani Ngamiani, hapa Tanga, jioni: mnacheza wawili kwa wawili, huna 6-6 mkononi na mchezo haujaanza. Vipande usivyoviona ni 21, mwenzako ana 7, basi uwezekano wa kuwa nayo yeye ni 7/21 = 1/3. Mchezo ukiendelea, 6-6 haijatoka, mwenzako akapita kwenye 6, hana 6 yoyote na ile 1/3 yake imekwisha. Imebaki kwa wapinzani wawili, na hapo haigawanywi nusu kwa nusu kwa mazoea. Mmoja akiwa na vipande 5 na mwingine 4, ukiacha yale unayoyasoma kwenye uchezaji wao, ni 5/9 kwa 4/9.