Nilivyoacha kuling'oa tako la hasani

Kiwanja changu kiko nje kidogo ya mji wa Malindi, ukishika njia ya Mambrui, na udongo wake ni mchanga mtupu. Maji ya kisima yana chumvichumvi, na kaskazi ikikolea yanazidi. Mwaka wa kwanza nilipanda mchicha mara mbili. Mara zote mbili uliota, ukafika urefu wa kidole, ukanyauka. Niliumia, kwa sababu kila ndoo niliivuta kwa mikono yangu.

Kilichostawi pale bila kumwagiwa hata kikombe ni gugu moja linalotambaa, lenye mashina mekundu na majani madogo manene, yanayong'aa kama yamepakwa mafuta. Nililikatakata kwa jembe nikaliacha palepale, nikijua jua la saa saba litanimalizia kazi. Yakaja manyunyu ya siku moja, na vipande vikashika mizizi upya. Penye gugu moja pakawa na sita.

Jirani yangu, mama mtu mzima wa Kigiriama, alinikuta nimeinama tena na jembe.

"Mwanangu, hiyo ukiilima ndiyo unaipanda. Chuma ule."

Yeye ndiye aliyeniambia ni tako la hasani. Wataalamu huiita Portulaca oleracea. Shina na majani yake hubeba maji, ndiyo maana kipande kilichokatwa hakifi upesi. Hata ukiung'oa mmea wenye maua ukautupa, mbegu zake zinaweza kukomaa hukohuko ulikoutupa. Kumbe miezi yote ile nilikuwa naisambaza mwenyewe.

Kabla ya kuchuma alinifundisha jambo ambalo sitaki mtu alipite haraka. Kuna mimea mingine inayotambaa na kufanana nayo, hasa ikiwa michanga. Vunja shina: likitoka utomvu mweupe kama maziwa, tupa, hiyo si mboga. Tako la hasani hutoa maji maangavu tu, na jani lake ukilibana kwa kucha linapasuka kwa unyevu. Mimi mpaka leo navunja shina la kila fungu, hata nilipochuma jana yake.

Jambo la pili nililigundua kwa ulimi. Nikichuma alfajiri wakati wa ukame, mboga ni chachu sana. Nikichuma alasiri, imepoa. Sababu yake inanifurahisha kila nikiikumbuka. Maji yakiadimika, mmea huu hufunga vitundu vya majani mchana usikauke, ukavifungua usiku kuvuta hewa ya kaboni na kuiweka kama asidi. Jua likichomoza unaitumia asidi ile kujitengenezea chakula, na uchachu unapungua. Kwa hiyo ya kachumbari naichuma mapema, ya kupika naingoja jioni.

Kuosha ni mara tatu, mchanga hujificha kwenye vifundo. Naichemsha kidogo, namwaga maji, kisha naiunga kwa kitunguu, nyanya na tui zito. Ina ulaini wa kuteleza kidogo, kama bamia. Kumwaga yale maji kuna maana: mboga hii ina oksaleti nyingi, kemikali inayoweza kuchangia mawe ya figo. Mume wangu aliwahi kuugua mawe ya figo, kwa hiyo yeye simpakulii kabisa. Siku hiyo anakula kunde.

Kupanda makusudi ndiko kulikonichelewesha. Nilifukia mbegu kama za mchicha, kisha nikangoja bure. Ni ndogo mno, nyeusi kama vumbi la baruti, na zinataka mwanga ili ziote. Sasa nangoja maua ya manjano, yale yanayofunguka jua likiwa kali na kufumba baada ya saa chache. Yakishapita hubaki vijungu vidogo ambavyo kifuniko chake hubanduka chenyewe. Navikung'uta juu ya mchanga uliolowa, sifukii. Au nachukua vipande vya shina, naviacha kivulini siku moja, kisha navichomeka.

Tuta lake liko kando ya kisima, na maji yale yale yaliyoua mchicha ndiyo nayolinyweshea. Nikikata naacha shina la vidole viwili lichipue tena. Juzi jirani alipita na ungo akachukua yake, anasema ataichanganya na mchunga apunguze uchungu.