Siku yangu na mpako unaokufa ukishapoa

Saa 12:30 asubuhi naanzia kwenye tanuri. Limekesha likivichoma vipande vya majaribio, vya chuma kilichopakwa seramiki ya kukinga joto, kwa nyuzi 1,100 kwa dakika 45, kuvipoza dakika 15, kisha kuanza upya. Nahesabu mizunguko, naandika daftarini.

Saa 1 hadi saa 5 ni kukwaruza chuma kwa chembe za alumina, kupuliza tabaka la kushikia, kisha seramiki kwa mwali wa plazima, gesi yenye joto kali mno. Watu wakisikia napaka mapanga ya turbini, yale yanayozungushwa na gesi ya moto ndani ya injini, husema, "Kumbe fundi rangi." Rangi yenyewe ndiyo hiyo seramiki, zirkonia yenye itria, unene wa robo milimita. Gesi inayopita kwenye turbini ina joto la kuyeyusha aloi ya nikeli iliyo chini yake. Panga linasalimika kwa mpako huu na hewa ya kupozea inayopita ndani yake.

Saa 5:20, simu ya mteja. Ni yeye aliyeng'ang'ania vipande vyake vipakwe unene maradufu, na leo vimetoka tanurini vizima.

"Fundi, si umeona? Andika vimefaulu."

"Subiri hadi kesho, bosi."

"Kesho ya nini, na tanuri limeshavitoa?"

Namweleza tena. Chuma husinyaa kuliko seramiki, na mpako ukiwa mnene hubeba mkazo mwingi zaidi. Mkazo wote huishia mpakani, penye utando wa oksidi ya alumini unaokua kila saa ya joto. Utando huo hukilinda chuma, lakini ukinenepa mno, ndipo mpako unapobanduka. Tena mara nyingi haubanduki motoni, bali wakati wa kupoa, hata saa kadhaa baadaye, kwa unyevu wa hewa tu. Hasikii. Anapiga mara ya pili, ya tatu, anataka kuongea na mkubwa wangu. Sijala, mgongo unauma, na ripoti ya uongo siandiki: panga lenye mpako kama huo litazunguka ndani ya injini.

Alasiri imeshaingia nasikia *tik* mezani. Hakuna aliyegusa kitu. Ukingo wa kipande chake umeinuka, kisha gamba la seramiki kama ukucha likaruka. Nalipiga picha, nakata kipande, nakiweka chini ya hadubini. Utando wa oksidi umefika mikromita 6, yaani sehemu sita za elfu moja ya milimita.

Giza linaingia. Magamba nayaokota kwa kibano, nayatia kwenye bahasha yenye namba yake. Vile vya robo milimita bado vimeshika, navirudisha tanurini.